Visiwa Vitano, Jina Moja: Nchi za Kubuni Zilizoshikana Mikono Tuziiteje?

Nianze kwa kukiri kosa, maana bila kosa hilo makala hii isingekuwapo.

Miezi kadhaa iliyopita dada mmoja wa Bunda alinitumia mswada wa riwaya yake ya kwanza. Kurasa mia mbili na ushee, kaziandika zote kwenye simu, na mimi nikazisoma kwenye simu, nyingine nikiwa nimekaa mwaloni Mwigobero namsubiri mvuvi aliyeniahidi sato. Hadithi inahusu visiwa vitano katika ziwa ambalo halikupewa jina. Watu walihamia huko baada ya nchi kavu kuharibika. Kisiwa kimoja kina chumvi, kingine mbao, kingine wanasuka nyavu, kingine wanafua chuma, na cha tano kinalima mtama. Kila kimoja kina mkuu wake, sheria zake na adhabu zake. Hakuna aliye chini ya mwenzake. Ila wamekubaliana mambo mawili: adui akija wasaidiane, na bandarini wasitozane ushuru.

Mwandishi anaviita visiwa hivyo "makoloni". Makubaliano yao anayaita "Shirikisho", na mwenyekiti wa kikao chao ni "Rais wa Shirikisho".

Kwenye kikundi chetu cha usomaji hapa Musoma, mbele ya watu kumi na moja, nikamwambia kavukavu: "Dada, hujui maana ya shirikisho." Akanyamaza. Wengine wakacheka kidogo. Tukaendelea na mambo ya alama za kuandikia.

Nitaeleza kwanza kwa nini nilijiona nina haki. Halafu nitaeleza nilikosea wapi.

Jina la utawala ni ahadi

Msomaji akikutana na neno "ufalme" ukurasa wa kwanza, huhitaji kumwambia kwamba kuna mfalme, kuna mrithi, na kuna mtu anamwonea mrithi kijicho. Jina limeshamwambia. Shaaban Robert alilijua hilo. *Kusadikika*, kitabu cha 1951, kinatupeleka kwenye nchi iliyo angani, mahali ambapo hata mguu hauna pa kukanyaga. Lakini nchi hiyo ina mfalme, ina mawaziri, ina baraza. Karama anaposhtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, tunajua papo hapo nani ana uwezo wa kumwua na nani ana uwezo wa kumwokoa. Ardhi haipo, utawala upo. Ndiyo maana tunaiamini nchi yenyewe.

Katama Mkangi alikwenda mbali zaidi katika *Walenisi* (1995). Dzombo anafungiwa ndani ya chombo cha angani ili akafe huko, badala yake anatua kwenye nchi ambayo jina lake ukilikata vipande linasomeka "wale ni sisi". Hapo jina limefanya kazi ya katiba. Huhitaji kipengele cha pili.

Sasa "shirikisho" linaahidi nini? Kwa msomaji wa kawaida, shirikisho ni Nigeria, ni Ujerumani: juu kuna serikali moja yenye jeshi, sarafu na bendera, chini kuna majimbo yenye mamlaka yaliyogawiwa. Kwa hiyo sura ya tisa ya mswada, pale kisiwa cha chumvi kinapogoma kupeleka mitumbwi vitani, msomaji anamsubiri Rais atume askari. Hatumi. Hana askari wa kutuma! Anakohoa, anaahirisha kikao, anakwenda zake kulala. Nilipofika hapo nikaona mwandishi amechoka, au hajui alichokijenga.

Kumbe alichokijenga kipo, na kilishawahi kutokea duniani. Mwaka 1643 makoloni manne ya Waingereza kule Amerika, yaani Massachusetts, Plymouth, Connecticut na New Haven, yalifanya mapatano ya kusaidiana vitani. Kila koloni lilibaki na serikali yake, kila moja likatuma wajumbe wawili kwenye kikao. Wakajiita Makoloni Yaliyoungana ya New England. Mwaka 1653 ukaja mjadala wa kupigana na Waholanzi. Massachusetts, lililokuwa kubwa kuliko wenzake, likagoma. Wenzake wakafanya nini? Wakalalamika. Hawakuwa na cha zaidi.

Hicho ndicho kisiwa cha chumvi. Yaani sura ya tisa ilikuwa sahihi kabisa, na jina juu yake ndilo lililokuwa linaidanganya. Hilo ndilo nililopaswa kusema. Badala yake nikasema "hujui".

Kabati letu la maneno

Tatizo si la dada yule peke yake. Fungua kabati la Kiswahili utafute jina la nchi zilizoshikana mikono bila kupoteza uhuru wake, utakuta nguo nyingi, na nyingi zina wenyewe.

*Muungano* limetoka kwenye kuungana. Kila upande unatenda na kutendewa. Ni neno zuri, lakini tangu tarehe 26 Aprili 1964 lina mwenyewe. Huwezi kuandika "Muungano" kwa herufi kubwa, ukaweka na visiwa ndani yake, halafu utegemee Mtanzania afikirie kitu kingine.

*Shirikisho* limetoka kwenye kushirikisha. Likague vizuri: ndani yake yupo mtu anayewashirikisha wengine. Kuna mkono wa juu umejificha kwenye sarufi yenyewe.

*Umoja* ni laini mno. Umoja wa Mataifa ni umoja, umoja wa wauza dagaa ni umoja. Umoja wa Ulaya wengine wanauita Muungano wa Ulaya, na hakuna anayegombana.

*Himaya* ni la kuchekesha. Asili yake ni ulinzi. Leo tunalitumia kwa dola kubwa linalomeza wengine. Aliyekulinda amekumeza, na neno limekaa kimya kama halikuona.

Halafu *koloni*. Hapa nilimkosoa tena, na hapa bado nasimama. Kwa mwandishi wa Kiingereza wa hadithi za anga, koloni ni makazi mapya tu, watu wamehamia sayari fulani wakaanza kulima. Kwetu sisi koloni lina mkoloni. "Koloni huru" kwa sikio la Kiswahili ni kama kusema mtumwa tajiri. Na hata historia ya neno hilo ina vichekesho vyake. Katika sheria za Waingereza, Kenya ndiyo iliyoitwa koloni, kuanzia 1920. Zanzibar na Uganda ziliitwa nchi lindwa. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini, kwanza wa Shirikisho la Mataifa halafu wa Umoja wa Mataifa. (Ona jinsi "shirikisho" lilivyoponyoka hapo pia: chombo kile cha Geneva hakikuwa na jeshi hata la kulinda mlango wake.) Majina tofauti, shilingi moja, na kuanzia 1948 Kenya, Uganda na Tanganyika zikawa na tume moja ya kusimamia reli, posta na huduma nyingine za pamoja. Lakini muulize bibi yeyote aliyekuwapo, atakuambia "enzi za mkoloni". Watu walikataa majina ya kwenye karatasi wakaupa utawala jina lake halisi.

Kumbuka hilo la bibi. Nitalirudia.

Jumamosi ya jumuiya

Mkutano uliofuata nilikwenda na dawa mfukoni. Nikapendekeza "Jumuiya". Nikatoa na mfano: Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967, nchi tatu huru, huduma za pamoja, kila rais na jeshi lake. Ilipovunjika 1977 hakuna aliyempiga mwenzake ili abaki. Ikafufuliwa kwa mkataba wa 1999. Si ndiyo visiwa vyetu hivyo?

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja akasema: "Mwalimu, mimi nikisikia jumuiya nasikia Jumamosi asubuhi, sala, halafu michango." Alikuwa na maana ya jumuiya ndogondogo za kanisani, ambazo hapa mtaani kila mtu anazijua. Kijana mwingine akadakia kwamba ndiyo vizuri zaidi: jumuiya haikulazimishi, haina polisi, lakini usipotokea wiki tatu watu wanajua, na siku ukifiwa utalijua jiji. Nikaliandika hilo kwenye daftari. Ni maelezo bora ya mapatano yasiyo na jeshi kuliko yote niliyowahi kuyasoma kwenye vitabu vya siasa.

Dada wa Bunda alikuwa kimya. Mwishoni, tunatoka, akaniita pembeni. "Shikamoo mwalimu. Naomba nikuambie kitu." Nikaitika. Akasema: "Rasimu ya kwanza niliandika Muungano. Nilijua ninachoandika. Mhariri mmoja alinishauri nilitoe, kwamba kisiwa kinachotaka kujitenga na Muungano kitanitafutia matatizo. Shirikisho nililiweka kwa sababu halina mtu."

Nikakosa la kusema. Mimi nilikuwa nimehukumu ujinga, kumbe nilikuwa nasoma woga. Na woga si wa kwake peke yake. Alikuwa amekivalisha kisiwa chake koti la kuazima ili asitambulike njiani, nami nikasimama barabarani nikamcheka kwa kuwa koti limempwaya.

Sasa kuna jambo ambalo mhakiki lazima alijibu. Kumwambia mtu "tumia jina salama" ni rahisi. Lakini kwenye riwaya ya utawala jina ndilo hadithi. Ukilitoa, umetoa uti wa mgongo. Na kumwambia "kuwa jasiri" wakati atakayeitwa kuulizwa si wewe, huo nao ni ujasiri wa bei rahisi.

Mkoa unaojua kazi hii

Wiki ile nilipanda hiace kwenda Bunda kwa shughuli zangu, na tulipopita Kiabakari nikawaza kwamba pengine hakuna mkoa Tanzania uliohangaika na majina ya serikali kuliko Mara.

Fikiria. Mtoto wa Butiama, mwezi Juni 1963, akiwa Nairobi pamoja na Kenyatta na Obote, anatangaza nia ya shirikisho la siasa la Afrika Mashariki. Haikuwa. Mwaka huohuo inatoka tafsiri yake ya *Juliasi Kaizari*, tamthilia ambayo watu wanamwua rafiki yao kwa kuogopa asije akavikwa taji na jina la mfalme. Kisha Aprili 1964 anaweka saini Muungano wa serikali mbili. Miaka ya mwanzo ya tisini, wabunge wanapotaka serikali ya Tanganyika irudi, anaandika kitabu kizima, *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, kuwapinga. Hoja yake juu ya mfumo huo ilikuwa ya mizani: serikali moja ingeonekana kuimeza Zanzibar, serikali tatu zingekuwa mzigo kwa Tanganyika.

Miaka ikapita. Mwaka 2013 tume ya katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, mtoto wa Bunda, ikatoa rasimu yenye serikali tatu. Bunge Maalumu mwaka uliofuata likarudi kwenye mbili. Katikati ya mjadala wakajitokeza Wazanzibari waliosema hawataki mbili wala tatu, wanataka "muungano wa mkataba". Ndoa moja, majina matatu, na kila jina lilikuwa na watu wake.

Na tusisahau Machi 2008, Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Butiama kujadili mwafaka wa Zanzibar. Mtaani watu walisema "serikali ya mseto". Baada ya kura ya maoni ya Julai 2010, kilichokuja kuwekwa kikaitwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Mseto ni chakula: choroko utaziona, mchele utauona. Umoja wa kitaifa ni uji. Aliyechagua jina hilo alijua anachopika.

Sasa twende nyuma zaidi. Wazanaki wenyewe, kabla ya Wajerumani, hawakuwa na mtemi mmoja wa wote. Walikuwa na wazee, marika, na watu wa mvua. Nyerere Burito, baba yake Mwalimu, alifanywa mtemi na Wajerumani mwaka 1915, na alikuwa mmoja wa watemi wanane wa Uzanaki. Wanane! Lugha moja, mila moja, watawala wanane. Upande wa Bunda, simulizi za Waikizu zinamtaja Nyakinywa, mwanamke aliyekuja na mvua akawa mtawala, si kwa mkuki. Na marika ya watu wa Mara yalivuka mipaka ya kabila na kabila: kijana wa huku alikuwa na wa rika lake kule, na hilo lilikuwa na uzito kuliko mpaka.

Nchi ndogo huru zilizoshikana mikono: tulikuwa nazo hapahapa, na tulizungumza habari zake bila kuhitaji neno "konfederesheni". Watemi nao walifutwa na serikali ya Tanganyika huru mwaka 1963, chini ya mtoto wa mtemi. Hili silisemi kwa kumlaumu. Nasema tu kwamba majina ya utawala hapa kwetu yamewahi kuzaliwa, kubadilishwa na kuzikwa, na watu wakayaona kwa macho.

Kila kisiwa na mdomo wake

Nilimwandikia dada ujumbe mrefu. Kwanza nikamwomba radhi, na mkutano uliofuata nikaomba radhi mbele ya walewale kumi na moja, maana aibu niliyompa ilikuwa ya hadharani. Halafu nikamwuliza swali moja tu: bibi wa kisiwa cha chumvi anauitaje huo mkataba wenu akiwa jikoni kwake? Si kwenye karatasi. Jikoni.

Ilimchukua wiki sita. Rasimu mpya haina Shirikisho. Haina Muungano pia. Na haina jina moja.

Kisiwa cha chuma, chenye silaha, kinauita mkataba "Umoja", kwa herufi kubwa. Kisiwa cha nyavu wanasema "Patano", kwa sababu wao ndio waliosafirisha wajumbe na wanakumbuka siku yenyewe ilivyokuwa ya upepo. Kisiwa cha mbao wanasema "Rika", kwa kuwa kwao waliofunga mkataba walitahiriwa mwaka mmoja. Kisiwa cha mtama wanasema "Deni": miaka ya njaa wao ndio waliolisha wengine, na hawajalipwa. Na kisiwa cha chumvi? Hawauiti chochote. Wanasema "lile jambo la wazee". Sura ya tisa, wanapogoma kupeleka mitumbwi, wajumbe wa chuma wanapiga meza na kutaja Umoja, na bibi mmoja wa chumvi anauliza kwa upole kabisa: umoja upi?

Nilisoma hapo mara tatu. Mzozo wote wa riwaya umeingia kwenye swali la maneno mawili. Hakuna askari, hakuna damu, na mikono inatetemeka. Mwenyekiti naye haitwi Rais tena, anaitwa "mshika kikao". Akikohoa na kuahirisha sasa tunamwelewa: hana kingine anachoweza kufanya, na wote mle ndani wanajua.

Huu si ujanja mtupu, ndivyo majina ya tawala yanavyoishi. Uswisi kwa Kilatini bado inajiita konfederesheni, ingawa ni shirikisho tangu 1848. Wale majirani wa Ghuba walioungana Desemba 1971 wana maamiri, lakini sisi Waswahili tumewapa wafalme tukasema Falme za Kiarabu, na maisha yanaendelea. Katiba inasema lake, mdomo wa mtu unasema la kwake, na mwandishi wa riwaya anafanya kazi kwenye nafasi iliyo kati ya hayo mawili.

Kasoro zimebaki, nazitaja ili nisionekane nimenunuliwa kwa msamaha. Neno "makoloni" bado lipo sehemu nne au tano, ningependa "makazi" au "visiwa" tu. Kisiwa cha mbao hakina mtu tunayemjali, kina desturi peke yake. Na mwisho unafungwa haraka mno: vita inaisha ndani ya kurasa tatu, kama mwandishi aliona betri ya simu inakwisha.

Swali la mhariri yule halijaondoka pia. Kisiwa bado kinataka kutoka. Yeyote anayetaka kuona Zanzibar mle ataiona. Lakini anayetaka kuona jumuiya ya mtaa wake, au Afrika Mashariki ya 1977, au ndoa ya shangazi yake, naye ataona. Dada ameamua kuupeleka mswada hivyohivyo kwa mchapishaji mwingine. Bado anasubiri jibu. Mimi nimekaa naye kwenye kusubiri, ni la chini kabisa ninaloweza kufanya.

Kwa wewe unayejenga nchi zako za kubuni zilizoshirikiana bila kumilikiana, ushauri wangu ni mfupi. Kabla ya kuchagua kati ya shirikisho, muungano na jumuiya, jiulize: mmoja akisema "sitaki", nini kinatokea kesho yake asubuhi? Andika asubuhi hiyo kwanza. Kisha wasikilize watu wako wanavyoitaja. Jina litakuja, na huenda yakaja matano.

Na kwa mhakiki mwenzangu: ukikuta jina lisilomkaa mtu, kabla hujacheka, muulize nani alimwambia avue lile la kwanza.